TANGA NI KIOO CHETU

Ndugu Wanachama,

Mtu anayeabiri kutoka Wete kwenda Tanga, pepo zikiwa njema na hewa safi, huiona kwanza milima ya Usambara, ndipo baadaye akauona mji. Sisi watu wa visiwani tumezoea kuitazama Tanga kwa macho ya msafiri: ni bandari ya kushukia, ni soko la kuuzia, ni nyumba ya jamaa ya kulala usiku mmoja au miwili. Wengi wetu, khasa wa Pemba, tuna mashangazi, wajomba na wakwe huko. Lakini ni wachache waliopata kuitazama Tanga kwa jicho la mtu anayetaka kujua kwa nini huyu anakaa penye upepo wa bahari na yule anakaa penye maji ya mtaro.

Leo na tuitazame hivyo. Nina sababu. Katika matawi yetu pamezuka mazungumzo juu ya ahadi gani tuwape wananchi kwa khabari ya makaazi. Wako wenzetu, na nia zao ni njema, wanaosema: tuwaahidi maghorofa. Tuwaambie watu kwamba siku tutakaposhika serikali visiwa hivi vitakuwa Singapore. Maneno hayo yanapendeza jukwaani na hupigiwa makofi. Mimi naona kwamba kabla hatujaahidi ghorofa hata moja, yatupasa tuvuke mkondo tukaulize Tanga imepitiwa na nini. Maana mji ule umejaribiwa kila dawa: dawa ya mkoloni, dawa ya tajiri wa shamba, dawa ya serikali ya taifa, dawa ya benki za ng'ambo. Na mgonjwa bado yu kitandani.

RELI ILIYOUPASUA MJI

Wajerumani walianza kujenga reli pale Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Sifa za reli ile zimeandikwa sana. Lisiloandikwa sana ni kwamba reli iliupasua mji wenyewe. Upande wa bahari zikakaa ofisi, mabenki na maduka, na huko Raskazone, penye miti na upepo, zikakaa nyumba za wakubwa. Upande wa pili wa reli kukawa Ngamiani, mji wa Mwafrika, wenye barabara zilizopewa nambari: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata kufikia ishirini. Mtu aliyepanga mji ule alikuwa na rula mkononi, nasi hatumnyimi haki yake: barabara za Ngamiani zimenyooka kuliko za miji mingi iliyokuja baadaye. Lakini rula hiyo hiyo ndiyo iliyopiga mstari baina ya watu.

Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 hawakuufuta mstari. Waliuita jina jingine tu. Ikasemwa kuwa ni kwa ajili ya afya, kwamba nyumba ya udongo isikaribiane na nyumba ya mawe. Jambo la afya lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana likafaa kuwa kisingizio. Ukitaka kujua siri yake, usitazame kuta, tazama karatasi. Aliyekuwa upande wa bahari alipewa hati ya miaka mingi. Kwa hati ile alikwenda benki, akakopa, akajenga kwa mawe. Nyumba ya mawe ikampa pango, pango likampa nyumba ya pili. Aliyekuwa Ngamiani alikaa kwa ruhusa. Ruhusa haikopeshwi fedha. Asiyeweza kukopa hujenga kwa miti na udongo; na akishajenga kwa udongo huambiwa: Wewe hustahili hati, kwa kuwa nyumba yako ni ya udongo. Je, ndugu wanachama, si duara hilo? Mtu hufungwa miguu, kisha akalaumiwa kwa kutokwenda mbio.

Wala tusidhani lilikuwa la Tanga peke yake. Mombasa mtu alijenga nyumba juu ya kiwanja cha mwengine, nyumba ikawa yake na ardhi si yake, na siku mwenye ardhi akitaka kiwanja chake nyumba hugeuka kuni. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, miongoni mwa madai yao ya mwanzo ilikuwa posho ya nyumba; na mwaka huo huo makuli wa bandari ya Tanga nao wakagoma. Na hapa petu, nani asiyeijua khabari ya 1928, watu wa Ng'ambo walipokataa kulipa kodi ya viwanja? Wazee wetu walijua kwamba mtu mwenye nyumba isiyokuwa na ardhi ni kama mwenye jahazi lisilokuwa na maji.

MAKAMBI YA MKONGE

Tutoke mjini kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilianza safari miche 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 lilizaliwa pato lililokuja kuwa kubwa kuliko yote katika Tanganyika. Mwaka 1964 nchi ile ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Kutoka Muheza hata Korogwe mtu angeweza kusafiri saa nzima asione kitu ila majani yale yenye miiba yamepangwa safu kama askari.

Nani aliyeyakata? Waliyakata manamba, watu walioandikwa kutoka mbali, Songea, Kigoma, Ruanda, Urundi na Msumbiji, wakaletwa kwa mapatano na kukatiwa kipande. Tangu 1944 matajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao moja, SILABU, ya kuwatafuta na kuwasafirisha. Na wakiisha kufika waliwekwa katika makambi: safu ya vyumba vilivyoshikana mgongo, kila chumba mlango mmoja, na watu wanne au watano waliokuwa hawajuani jana. Nyumba ile haikuwa malipo ya kazi wala haikuwa haki ya mtu. Ilikuwa minyororo isiyolia. Maana siku kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Mtu aliyezeeka shambani hakuwa na pahala pa kuzeekea.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba yale. Wengi walishangilia, na haki yao kushangilia. Lakini bei ya katani ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za viwandani zisizotokana na mmea, na mazao yakashuka mwaka hata mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hayakufika tani 40,000. Bendera ya shamba ilibadilika, makambi hayakubadilika. Wako watu waliozaliwa katika vyumba vile wakazaa humo humo, na shamba likipewa tajiri mpya wao huhesabiwa pamoja na mashine kuukuu. Mkononi hawana hata karatasi moja ya kusema: Hapa ni kwangu.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Sasa turudi Ngamiani, kwa kuwa huko kuna jambo la kujivunia, na atakaye kusema kweli lazima alitaje. Wakati serikali zote zikiandika ripoti, wananchi walijenga. Walijenga ile nyumba tuijuayo sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, jiko na choo uani. Mwenyewe hukaa vyumba viwili, vinne akapangisha. Hakuna mhandisi wa Ulaya aliyeibuni. Kwa nyumba hiyo mjane ambaye mumewe hakumwachia pencheni hula na kusomesha watoto. Kwa nyumba hiyo mgeni aliyeshuka treni au chombo jioni hupata pa kulala kabla ya isha. Ukihesabu watu wa miji ya pwani waliopata kivuli, utakuta waliopewa na serikali ni wachache sana mbele ya waliopewa na mama wa Kiswahili mwenye vyumba vinne vya kupangisha.

Lakini nyumba hii nayo ina ufa wake. Nitasema niliyoyaona mwenyewe.

Ninaye shangazi yangu Ngamiani. Alikaa chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, akiuza vitumbua asubuhi barazani kwa idhini ya mwenye nyumba, ambaye walikuwa wakiitana dada. Kodi alilipa; mwezi asipopata aliambiwa, ``Si kitu, dada, mwezi ujao.'' Mwenye nyumba akafariki, Mungu amrehemu. Warithi walikuwa wanane, na tusiwatukane, maana nao ni maskini kama shangazi. Nyumba moja haigawanyiki kwa watu wanane isipokuwa kwa kuuzwa. Akatokea mnunuzi aliyesikia khabari za bandari na bomba, akatoa bei ambayo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuisikia. Shangazi akapewa siku thelathini. Nilipokwenda kumsaidia kuhama nikamwuliza, ``Shangazi, mapatano yenu yako wapi?'' Akanitazama kama niliyemtukana. ``Mwanangu,'' akasema, ``mimi na marehemu tungeandikiana karatasi? Kwani tulikuwa tukishitakiana?''

Sina jawabu ya swali lile mpaka leo. Najua tu kwamba udugu ulikufa pamoja na mwenye nyumba, na sheria haikuwako kushika pahala pake.

MWAKA 1971

Huenda mwenzetu mmoja akasema: Dawa ni serikali kuzichukua nyumba. Basi na tutazame. Mwezi wa Aprili mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Kila jengo la kupangisha lililothaminiwa zaidi ya shilingi 100,000, na ambalo mwenyewe hakai, likawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililokwisha pita miaka kumi halikulipiwa fidia. Katika miji kama Tanga, ambako majumba ya mawe ya katikati ya mji yalikuwa khasa ya Wahindi, mtaa mzima ulilala na mwenyewe huyu ukaamka na mwenyewe yule. Maelfu wakahama nchi.

Sisemi kwamba waliopitisha sheria ile walikuwa na nia mbaya. Walitaka kukata mzizi wa unyonyaji wa pango, na unyonyaji huo ulikuwako. Bali nauliza alivyouliza mkulima mbele ya mzani: kilichopungua kule kimeongezeka wapi? Mpangaji wa Ngamiani hakuguswa na sheria ile hata kidogo, kwa kuwa nyumba anayopanga haikuthaminiwa shilingi 100,000, wala robo yake. Majumba ya mawe yalibaki ya wenye mshahara wa kudumu na wenye kujua mlango wa ofisi. Kodi zikawekwa chini, jambo jema kwa aliyekwisha kuwamo. Lakini kodi ile haikutosha kununua chokaa, na majumba yakaanza kuvuja na kumong'onyoka. Mwaka 1990 Msajili akavunjwa, mali yake ikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa tangu 1962. Na mwaka 2005 ile sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo nayo ikafutwa. Kwa hivyo mzunguko ukakamilika: tajiri aliondolewa, serikali ikaja, serikali ikachoka, soko likaja, na mpangaji wa chumba kimoja alisimama pale pale barazani akiwatazama wote wakipita. Leo akitaka chumba huambiwa alete kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mchukuzi anayelipwa kwa siku ataitoa wapi?

VIWANJA KABLA YA NYUMBA

Iko dawa moja ambayo haikupigiwa makofi jukwaani, na kwa hiyo imesahauliwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilifanya mpango wa viwanja na huduma katika miji saba, na Tanga ikiwa mmojawapo. Mpango ulikuwa wa namna mbili. Pahala pengine palikuwa patupu: serikali ikapima viwanja, ikakata barabara, ikaleta maji, kisha ikawaambia watu wajijengee wenyewe kwa kadiri ya uwezo wao. Pahala pengine watu walikuwa wamekwisha kujenga bila ya ramani; huko serikali iliingia baadaye kutengeneza palipokwisha kubanana.

Wataalamu walirudi kupachunguza baada ya miaka thelathini na zaidi, na waliyoyaona yatupasa tuyabandike katika kila tawi. Pale palipopimwa kwanza, nyumba zilikuwa bora kuliko za mitaa ya jirani iliyoanza tupu vile vile lakini bila ya kupimwa: kubwa zaidi, zimepangika, zina maji, umeme, vyoo na njia. Pale palipotengenezwa baada ya watu kujazana, hapakuonekana ubora wa kudumu.

Sababu yake haihitaji mtaalamu. Barabara ikipita kabla ya nyumba, ni kazi ya kamba na vigingi. Ikipita baada ya nyumba, kila hatua moja ni ukuta wa mtu, kaburi la mtu, mwembe wa mtu. Bomba la maji hulazwa kwa siku moja penye njia, na kwa miaka kumi pasipo na njia. Na mtu akijua kiwanja ni chake na hapana atakayemvunjia, huanza na udongo leo, kesho akaweka tofali, mwana wake akaweka ghorofa. Hakupewa nyumba, alipewa pahala pa kuweka jasho lake.

Shaaban Robert, mwana wa Tanga, fahari yetu sote tunaoandika lugha hii, alimaliza utumishi wake wa serikali katika ofisi ya upimaji ardhi mjini humo, kati ya 1952 na 1960. Watu humkumbuka kwa mashairi, na kwa haki. Lakini mimi hupendezwa kukumbuka kwamba mkono ule ule ulishika kalamu katika ofisi ya mipaka na viwanja. Kuipima ardhi kwa uadilifu nako ni utunzi.

Mpango ule haukukosa dosari, na kuificha ni kujidanganya. Maskini wa chini kabisa aliyepewa kiwanja aliweza kukiuza siku ya njaa, na mwenye nacho akanunua. Waliomo leo katika mitaa ile wamesoma kidogo zaidi kuliko majirani zao. Basi kupima peke yake hakutoshi. Lakini ni msingi, na nyumba isiyo na msingi haipauliwi.

BANDARI, BOMBA NA BEI YA ARDHI

Kwa nini nasema haya leo? Kwa sababu Tanga inaingia katika majira mapya, na aliyelala atapitwa. Sensa ya 2012 ilihesabu katika jiji lile watu 273,332. Sensa ya 2022 ikahesabu 393,429. Watu karibu 120,000 wameongezeka kwa miaka kumi, nao wote wamelala pahala. Bandari imechimbwa na kupanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429. Agosti 2017 Marais wawili, Magufuli na Museveni, waliweka jiwe la msingi Chongoleani, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya ghuba, pahala ambapo bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima linakutana na bahari. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupita Saadani na Pangani imo katika kujengwa, na daraja juu ya mto Pangani.

Hatupingi bandari. Asiyetaka kazi ziwepo ni nani? Lakini kila jiwe linalowekwa na Rais hupandisha bei ya kiwanja cha jirani, na tofauti ya bei ile haiendi kwa aliyekaa pale, huenda kwa aliyejua mapema. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Maneno mazuri. Lakini fidia huhesabu mnazi, huhesabu ukuta, huhesabu kiwanja. Mvuvi aliyekuwa akishuka ngalawani hatua ishirini kutoka mlangoni mwake akipelekwa maili tano bara, nani amemhesabia bahari? Mama aliyekuwa akiokota chaza na kukausha dagaa pwani, yuko katika daftari la nani? Na huko Pangani, tangu pwani ilipoanza kuuzwa kwa ajili ya mahoteli, wako watu walioona fedha nyingi kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika umri wao: zikaja kwa siku moja, zikaisha kwa mwaka mmoja, na ardhi haikurudi.

NA SISI JE?

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani anasoma khabari za watu. Mwaka 1964 ardhi yetu yote ilitangazwa kuwa ya umma, na tangu 1965 watu wakapewa eka tatu tatu. Jambo lile liliwapa wengi heshima wasiyokuwa nayo. Lakini leo nendeni Magharibi mkatazame eka zile: zimekatwa vipande, zimeuzwa kwa karatasi ya sheha na mashahidi wawili, zimejengwa bila ya njia ya kupitisha jeneza. Mwaka 2012 tulikuwa watu 1,303,569. Mwaka 2022 tukawa 1,889,773, na visiwa havikuongezeka hata dhiraa moja. Huku vichochoro vikizidi kubanana, kule Fumba na kwenye fukwe za mashariki nyumba hujengwa na kuuzwa kwa dola kwa watu wanaokuja mwezi mmoja kwa mwaka.

Na maghorofa tunayo. Michenzani yapo, na aliyepata humo nyumba yenye maji na umeme alifurahi, hatusemi uongo. Lakini ramani ile ilikusudia mji mzima, yakajengwa machache, na kila ghorofa lilipita juu ya nyumba za Ng'ambo zilizovunjwa. Aliyevunjiwa si lazima awe ndiye aliyepewa.

Na hiyo Singapore inayotajwa? Na tuitaje kwa ukamilifu. Ni kweli ni kisiwa, ni kweli shirika lake la nyumba liliundwa 1960, na ni kweli kwamba leo watu wake karibu wanane katika kumi hukaa katika nyumba zilizojengwa na serikali. Lakini wanaosifu maghorofa husahau mambo mawili. La kwanza, tangu 1964 mtu aliweza kuinunua nyumba aliyokaa, na tangu 1968 akalipa kutoka akiba ya mshahara wake. Hakubaki mpangaji wa serikali milele. La pili, alikuwa na mshahara. Ukichukua ghorofa la Singapore ukamwacha mfanyakazi na akiba yake, umechukua kibatari umeacha mafuta.

YANAYOTUPASA

Nami sitaki kuondoka kama mganga aliyetaja maradhi akaenda zake. Naomba matawi yajadili mambo manne, na yapelekwe mbele ya Mkutano.

La kwanza: tuahidi viwanja kabla ya nyumba. Kila mwaka vipimwe viwanja vya watu wa kipato cha chini, vikiwa na njia, maji na mitaro, kabla watu hawajahamia. Gharama ya kamba na vigingi ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa.

La pili: aliyemo ndani apewe hati, na hati iandikwe jina la mume na la mke. Na kiwanja cha mpango huo kisiuzwe kwa miaka kadhaa ila kwa ridhaa ya wote wawili, ili njaa ya mwezi mmoja isile urithi wa watoto.

La tatu: mpangaji alindwe. Pawe na mapatano mafupi ya maandishi, ya Kiswahili, yasiyohitaji wakili. Kodi ya kutanguliza isizidi miezi michache. Na mtu asitolewe bila ya muda wa kutosha, hata nyumba ikiuzwa, hata mwenyewe akifa. Tusifanye hivyo kwa kumgeuza mwenye nyumba kuwa adui. Yule mjane wa vyumba vinne ni mtu wetu kama alivyo mtu wetu anayepanga kwake. Sheria nzuri ni ile inayowawezesha wawili hao kubaki ndugu.

La nne: anayeondolewa kwa ajili ya bandari, hoteli au barabara alipwe kabla ya kuondoka, apewe pahala kabla ya fedha, na hesabu ya mali yake iingize pwani anayovua na kazi anayoifanya.

Haya si maneno ya kupigiwa vigelegele. Hayapigwi picha kama ghorofa, wala hapana utepe wa kukata mbele ya mtaro. Bali wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Tukiwaahidi watu maghorofa tutapata kura za mwaka mmoja. Tukiwaahidi hati na kiwanja, na tukatimiza, tutapata imani yao na ya watoto wao.

Nilipomaliza kumhamisha shangazi, tulikaa juu ya kitanda chake kilichofunguliwa, uani kwa jirani, tukinywa chai. Akasema kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikipaka chokaa chumba kile kila inapoingia Ramadhani, kwa fedha zake. Hakulalamika, alikuwa akinipa khabari tu. Mimi nikahesabu kimya kimya: chokaa ya miaka kumi na tisa juu ya ukuta wa mtu mwengine.

Ndugu wanachama, siasa yetu ya makaazi iwe ni hiyo: kila mtu apake chokaa ukuta ulio wake.

Ndimi wenu katika kazi,

MKAAZI WA NG'AMBO